Mkopo wa Asilimia Kumi: Kabla Hamjajaza Fomu

Halmashauri ikibandika tangazo tu, maswali yanaanza kumiminika, na ni yale yale. Tukiunda kikundi leo, hela tunapata lini? Andiko linauzwa shilingi ngapi? Ni kweli hupati mpaka umjue mtu? Mwingine anauliza kwa kunong'ona: hivi ni lazima kurudisha?

Nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio huo. Vikundi vingi ninavyovijua havikuanguka kwa kukosa hela. Vilianguka kwa sababu hela iliwakuta watu watano wasiojuana vizuri, wasio na daftari, wenye andiko walilonunua stendi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala hii inahusu mambo ya kufanya kabla ya fomu. Kama una haraka ya fomu, basi ni wewe hasa ninayekuomba usome taratibu.

Kwanza ujue unaomba nini

Watu wanachanganya vitu vitatu na kuviita vyote "hela za serikali". Vitenganisheni, maana kila kimoja kina mlango wake.

- Mkopo wa asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ilirekebishwa mwaka 2018 ikaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Lakini ni mkopo, unarudishwa.
- Ruzuku ya kaya kupitia TASAF. Hii haina fomu ya kuomba. Kaya maskini huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha zinahakikiwa. Anayekuuzia fomu ya TASAF anakuibia.
- Fedha za mradi wa jamii. Zahanati iliyoishia kwenye lenta, darasa, kivuko, kisima. Hapa pana bajeti ya halmashauri, na pana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha hizo haziingii kwenye akaunti ya kikundi chenu. Safari yake huanzia mkutano mkuu wa kijiji, kwa kipaumbele kilichoandikwa kwenye muhtasari, na mara nyingi wananchi huwa wameshaanza kwa nguvu zao.

Nimewahi kusikia kikundi cha akina mama kikijadiliana na afisa nusu saa nzima kuhusu choo cha soko, wakidhani kitaingia kwenye mkopo wao. Choo cha soko ni jambo jema, lakini si biashara ya kikundi. Kilipaswa kupelekwa kwenye mkutano wa mtaa.

Makala hii inahusu mkopo wa asilimia 10, Tanzania Bara. Walioko Zanzibar wana utaratibu wao kupitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA.

Kwa nini siku hizi wanauliza maswali mengi

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii, na tamko lilitolewa bungeni na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonyesha mwaka hadi mwaka fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa kuanza kukopesha kupitia benki, yakiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, na nyingine zikaendelea kutoa zenyewe chini ya utaratibu ulioboreshwa.

Hii ina maana gani kwako? Afisa aliye mbele yako amefundishwa kukutilia shaka. Akitaka kuiona biashara kwa macho, akitaka kumwona kila mwanachama ana kwa ana na kitambulisho chake, usinune. Waliokutangulia ndio waliokuletea maswali hayo.

Jambo la pili: mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, ushuru wa soko, leseni, maegesho na vyanzo vya namna hiyo. Halmashauri ya jiji na halmashauri ya wilaya yenye minada miwili kwa mwezi hazina mfuko sawa. Kuandika milioni 80 kwenye wilaya ambayo mfuko wake wote wa vijana kwa awamu hiyo haufiki hapo ni kujiondoa mwenyewe. Ulizeni kwenye kata: awamu iliyopita vikundi vilipata kati ya kiasi gani na kiasi gani? Ni swali halali na wanalijibu.

Nani anastahili

Kwa ufupi:

- Raia wa Tanzania, kuanzia miaka 18. Kikomo cha juu cha umri wa vijana kisomeni kwenye tangazo la sasa la halmashauri yenu, msikichukue kwa kumbukumbu za miaka ya nyuma.
- Wasio na ajira rasmi. Mwalimu aliye kwenye ajira ya Serikali hawezi kuwa mwanachama, hata kama ndiye aliyewaandikia katiba.
- Kikundi cha wanawake au vijana kisichopungua watu watano. Watu wenye ulemavu wamelegezewa: wawili wanatosha, na hata mmoja peke yake anaweza kuomba.
- Kikundi kilichosajiliwa au kutambuliwa na halmashauri, chenye akaunti yake ya benki, kinachofanya kazi ndani ya halmashauri hiyo.

Swali linalokuja hapo hapo: "Mimi ni mwanamke na pia ni kijana, niingie wapi?" Ingia kikundi kimoja. Ukionekana kwenye orodha mbili, mfumo wa kielektroniki unakudaka kwa namba ya NIDA, na si wewe tu utakayekwama, bali na wenzako wote wa pande zote mbili.

Kikundi ni watu, si cheti

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Sheria inasema watano. Haisemi watano gani. Nimeona namna tatu za kukosea, na zinajirudia kila kata.

*Kikundi cha ukoo.* Mama, binti zake watatu na mkwe. Siku ya ugomvi wa nyumbani mradi nao unakufa. Afisa akiona majina matatu yanaishia na baba mmoja anaanza kuuliza, na ana haki.

*Kikundi cha mwenye hela.* Mtu mmoja ana duka, anaokota majirani wanne wamsaidie kutimiza idadi, kila mmoja anaahidiwa laki moja hela ikitoka. Wale wanne wanasaini mkataba kama wadaiwa kamili. Mwenye duka akihama, halmashauri inawafuata wao. Kama umeombwa "jina lako tu", elewa kwamba hujaombwa jina, umeombwa deni.

*Kikundi cha kugawana.* Hawa wanakubaliana mapema: ikitoka milioni 5, kila mtu milioni moja akafanye lake. Hicho si kikundi, ni foleni. Mmoja akishindwa, wengine hawajui hata biashara yake iko wapi, lakini rejesho ni moja.

Basi fanyeni hivi, angalau miezi michache kabla ya kufikiria fomu:

1. Anzeni kuweka akiba pamoja. Kila wiki, siku ileile, kiasi kilekile, hata kama ni shilingi 2,000. Kama tayari mko kwenye VICOBA, vizuri, mnajua utaratibu wa hisa na mfuko wa jamii. Kumbukeni tu kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, VICOBA navyo vinapaswa kusajiliwa. Ni daraja la nne, na usajili unafanyikia halmashauri.
2. Mwangalieni anayechelewa. Asiyeleta 2,000 ya Jumamosi hatalipa laki ya rejesho. Ni afadhali mkosane naye sasa, kabla ya mkataba.
3. Andikeni muhtasari wa kila kikao. Tarehe, waliohudhuria, kilichoamuliwa, saini. Daftari la mistari la kawaida linatosha. Mtu wa kata akilifungua akakuta kurasa zenye kahawa na wino wa kalamu tofauti, anajua mmeishi. Akikuta vikao vinane vimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotikisika, anajua viliandikwa jana usiku.
4. Chagueni viongozi kwa kazi, si kwa umri. Mwekahazina awe anayeweza kujumlisha na asiyeogopa kumnyima mwenyekiti hela.

Katiba nayo isinakiliwe tu. Vifungu vya dibaji mnaweza kuchukua popote, lakini vinne viandikeni wenyewe kwa maneno yenu: mwanachama akifa deni lake linakuwaje, akihama inakuwaje, akikataa kulipa tunafanya nini, faida inagawanywa lini. Someni vifungu hivyo kwa sauti, wote mkiwapo. Kama kikao kinanyamaza kwenye kifungu cha kifo, bado hamjamaliza.

Makaratasi

Orodha hutofautiana kidogo kati ya halmashauri na halmashauri, lakini mara nyingi mtatakiwa kuwa na:

- katiba na cheti cha usajili cha kikundi;
- muhtasari wa kikao kilichokubali kuomba mkopo, chenye kiasi na saini za wote;
- namba ya NIDA ya kila mwanachama;
- barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa au kijiji;
- taarifa ya akaunti ya benki ya kikundi;
- andiko la mradi;
- TIN na leseni, kwa biashara zinazohitaji.

Maonyo mawili. Jina la mtu liwe lilelile kila mahali. Mwajuma Saidi wa kitambulisho akiwa Mwajuma Said wa benki na Mama Asha wa muhtasari, ombi linarudi, na kurudi kwake ni mwezi. La pili, TIN inatolewa na TRA bila malipo. Kijana wa dukani anayekujazia mtandaoni anaweza kudai ujira wa kazi yake, sawa, lakini asikwambie ni ada ya TRA.

Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na hela isitoke bila angalau wawili. Msimwachie mtu mmoja simu iliyounganishwa na akaunti. Nimesikia visa vingi vya mwenyekiti aliyeamka asubuhi akiwa Mbeya.

Andiko: hesabu ndiyo inayosomwa

"Andiko linauzwa bei gani?" Linauzwa, najua. Usinunue. Si kwa sababu ya maadili. Kwa sababu waliouziwa ni wengi, na wanaoyasoma ni walewale. Afisa anakutana na utangulizi uleule, na "changamoto na utatuzi" zilezile, kwenye mafaili saba. Kisha anauliza swali moja: "Chakula cha kuku hapa kwenu gunia ni shilingi ngapi?" Mnatazamana.

Kurasa tatu au nne zinatosha: ninyi ni nani, mnafanya nini sasa, mnataka kuongeza nini, mtamuuzia nani, mtapata kiasi gani, mtalipaje. Yote hayo yanategemea hesabu moja, kwa hiyo tuifanye hapa. Bei nimeweka za mfano. Toa, weka za kwenu.

Tuseme kikundi cha watu watano kinaomba milioni 4 kwa ajili ya kuku 500 wa nyama. Mzunguko mmoja:

- vifaranga 500 × 1,800 = 900,000
- chakula, kama kilo 3.5 kwa kuku, ni kilo 1,750, yaani magunia 35 ya kilo 50 × 75,000 = 2,625,000
- chanjo, dawa, mkaa, maranda na usafiri = 300,000
- jumla = 3,825,000

Kwenye maandiko ya stendi mstari unaofuata ni: kuku 500 × 8,500 = 4,250,000, faida 425,000. Kila mtu anapiga makofi.

Lakini kuku wanakufa. Chukua vifo vya asilimia 5 tu, yaani kuku 25, na hapo mmefuga vizuri. Mmeuza 475. Mapato ni 4,037,500 na faida ni 212,500. Kuku 25 wamekula nusu ya faida.

Sasa rejesho. Milioni 4 kwa miezi 12 ni kama 333,333 kwa mwezi. Mzunguko mmoja pamoja na kusafisha na kupumzisha banda ni karibu miezi miwili, kwa hiyo kabla ya kuuza tena mnadaiwa 666,667. Mmepata 212,500. Ile 454,000 na ushee iliyobaki inatoka wapi? Inatoka kwenye mtaji. Mzunguko wa pili hamnunui vifaranga 500, mnanunua 440 kama mna bahati. Wa tatu wanapungua tena. Hakuna aliyeiba, hakuna mlevi, na kikundi kinakufa hivyo hivyo mchana kweupe.

Hata mkiongezewa muda hadi miezi 24, rejesho la miezi miwili ni 333,333, bado linaizidi faida. Kwa hiyo tatizo si muda. Jaribuni bei: kama mna hoteli au mama lishe watano walioahidi kuchukua kwa 9,500, mapato ya kuku 475 ni 4,512,500 na faida inapanda hadi 687,500. Inalipa rejesho la miezi miwili na kubakiza shilingi elfu 20 na kidogo. Shilingi elfu moja kwa kuku ndiyo tofauti ya kuishi na kufa, na bado ni pembamba.

Ndiyo maana sehemu ya soko kwenye andiko haipaswi kuwa sentensi moja ya "soko lipo la kutosha". Iwe na majina ya wanunuzi, kiasi wanachochukua kwa wiki, na bei. Kama mna barua fupi ya mwenye mgahawa, iambatisheni.

Makosa mengine ya kwenye hesabu, kwa haraka:

- Kuomba kiasi chote cha mradi bila kuonyesha mlichonacho. Banda lililopo, cherehani mbili, shamba la kukodi: viandikeni kwa thamani yake.
- Kusahau ujira wenu. Mnaoshinda bandani lazima mle. Msipoiweka posho kwenye hesabu, mtaichukua kwenye droo.
- Kupanga mauzo ya mwaka mzima kwa bei ya Desemba.
- Kuanza biashara msiyoijua kwa sababu kikundi cha jirani kilipata mkopo kwa hiyo hiyo. Kama mnajua kushona, ombeni za kushona.

Ombi linapita wapi

Mnaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Huyu ndiye mtu wenu muhimu kuliko wote, kuliko diwani, kuliko mkurugenzi. Mwendeeni kabla ya tangazo, si wiki ya mwisho ambayo ofisi yake imejaa. Mpeni rasimu ya andiko ailime kwa kalamu nyekundu. Ndiyo kazi yake, na hana ruhusa ya kuwatoza.

Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Kutoka kata yanapanda halmashauri, na kuna uhakiki ngazi ya wilaya. Kila ngazi inaweza kuja kuwatembelea. Wakija bila taarifa wakakuta banda limejaa buibui, maelezo hayasaidii. Baada ya kuidhinishwa mnapewa mafunzo na mkataba. Hudhurieni wote, si mwenyekiti na katibu peke yao, kwa kuwa deni ni la wote.

Mkataba usomeni hapo hapo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Tafuteni mambo manne: kiasi, idadi ya marejesho, tarehe ya rejesho la kwanza baada ya kipindi cha matazamio, na nini kinatokea mkichelewa. Nakala moja irudi nanyi nyumbani.

"Lakini wanapewa wanaojuana"

Sikatai kwamba hutokea. Ripoti za wakaguzi hazikuandikwa hewani. Ila nimeona pia watu wakiitumia sentensi hiyo kuficha andiko bovu. Fanyeni yenu kwanza, halafu mlalamike mkiwa na faili.

Mtu akiwaambia "wekeni asilimia kidogo nifuatilie", mkatalieni, na sababu yangu si ya kanisani. Milioni 4 iliyokatwa laki 4 inakwenda kununua kuku wa milioni 3.6 huku ikidaiwa milioni 4. Mmeona hesabu ya hapo juu. Nafasi ya hiyo laki 4 iko wapi? TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Andikeni tarehe, maneno aliyosema na namba ya simu aliyopigia.

Vishoka wengine hawana hata ofisi. Wanatengeneza makundi ya WhatsApp yenye nembo ya Taifa na kudai "ada ya kuwezesha". Mkopo huu hautolewi kwenye simu, na hakuna afisa halali anayetaka hela kwenye namba yake binafsi. Marejesho yenyewe hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali au kwenye akaunti iliyotajwa ndani ya mkataba. Mkipokea maelekezo tofauti, nendeni ofisini kwa miguu.

Hela imeingia

Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. Simu ya benki imelia, habari imesambaa, na kila mwanachama ana shida iliyokuwa ikimsubiri: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, bati.

- Fanyeni kikao siku hiyo hiyo. Someni andiko kwa sauti: tulisema tutanunua nini?
- Nunueni mkiwa wawili au watatu, na mchukue risiti ya EFD. Risiti zipigwe picha, maana wino wake hufutika.
- Mwanachama mwenye dharura asaidiwe kutoka mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa 2,000 zenu. Asiguse mkopo. Kama mfuko huo hamna, sasa mmejua kwa nini nilisisitiza muuanze mapema.
- Wekeni kando rejesho la kwanza kabla ya kugawana chochote. Wengine huiacha miezi ya matazamio ipite wakila mauzo, kisha wanashtuka.
- Kila mwezi katibu abandike ukutani karatasi moja: tumeuza, tumetumia, tumelipa, tumebakiwa. Ugomvi mwingi wa vikundi hauletwi na wizi, unaletwa na kutojua.

Na wale wanaosema hela ya serikali hailipwi: zipo halmashauri zilizowafikisha wadaiwa mahakamani, na deni linabaki kwenye namba za NIDA zenu.

Mkikwama kweli

Mafuriko yanaweza kuja. Desemba 2023 maporomoko ya tope yalifunika sehemu ya Katesh, Hanang, na watu walipoteza ndugu na nyumba, achilia mbali mitaji. Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Hakuna andiko linalozuia hayo, lakini kuna namna ya kujipanga.

Siku ileile, kabla ya kusafisha, piga picha. Toa taarifa kwa mtendaji na polisi upate namba ya RB. Kama ni moto, chukua na taarifa ya Zimamoto. Hakikisheni mmeandikwa kwenye tathmini ya kamati ya maafa ya kijiji au kata, kwa sababu msaada wowote wa kurejesha hali utapitia kwenye orodha hiyo, na asiyeandikwa wiki ya kwanza huhangaika miezi. Kisha mwandikieni mkurugenzi barua *kabla* ya tarehe ya rejesho, mkiambatisha hivyo vyote, mkiomba kupangiwa upya ratiba. Ombeni ratiba mpya yenye tarehe na kiasi, si "huruma". Barua iliyoandikwa baada ya kukosa marejesho matatu inasomwa kama kisingizio, hata ikiwa ni ya kweli.

Kwa mifugo kufa, mwiteni afisa mifugo aandike taarifa wakati mizoga ipo. Kwa mwanachama kufariki, tumieni kile kifungu cha katiba mlichokisoma kwa sauti.

Msipopata

Wengi hawapati awamu ya kwanza. Ombeni sababu kwa maandishi; mkipewa ya mdomo, iandikeni wenyewe kwenye muhtasari pamoja na tarehe. Rekebisheni hiyo tu, msibadilishe mradi mzima. Kikundi kilichokataliwa kwa kukosa soko, awamu ijayo kikaja na mradi mwingine kabisa, kinaonekana hakijui kinachotaka.

Wakati mnasubiri, kuna mlango ambao vikundi vingi vinaupita bila kuutazama. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sare za shule, chakula cha semina, usafi, samani, matofali. Kikundi kinasajiliwa kwenye mfumo wa NeST kwa kupitia taasisi inayokidhamini, na Afisa Maendeleo ya Jamii yule yule ndiye wa kuanzia. Tahadhari moja: malipo ya taasisi yanaweza kuchelewa, kwa hiyo msichukue zabuni inayozidi mtaji mlionao mfukoni.

Mafupi ya mwisho

*Tunaweza kubadilisha mradi baada ya kupata hela?* Msibadilishe kimyakimya. Andikeni, mjibiwe, ndipo mnunue.

*Mwenzetu amepata ajira serikalini katikati ya mkopo.* Mjulisheni afisa. Deni lake linabaki, na nafasi yake ijazwe kwa utaratibu wa katiba.

*Tukimaliza kulipa tunaweza kukopa tena?* Ndiyo, na hapo ndipo daftari lenu linapozungumza badala yenu. Hifadhini stakabadhi za marejesho yote, hata mkiambiwa mfumo unaonyesha mmemaliza. Mfumo hubadilishwa, maafisa huhamishwa, na anayekuja mpya ataomba karatasi.

*Mume wangu hataki nisaini.* Huhitaji saini yake kuwa mwanachama. Lakini mwambie kabla ya kusaini, na umwonyeshe ukurasa wa marejesho, maana tarehe hiyo itafika nyumbani kwenu kila mwezi.